Siku Mbili za Kwanza: Mjadala juu ya Kupona Baada ya Kuondolewa Damu Iliyoukandamiza Ubongo

DAKTARI WA UPASUAJI: Mgonjwa aliyetobolewa fuvu ili kuondolewa damu ya muda mrefu, iliyojikusanya kati ya utando mgumu unaoufunika ubongo na utando mwembamba ulio chini yake, hahesabiwi kuwa amepona pale damu inapotoka, amefunguliwa njia tu, na sehemu kubwa ya safari huamuliwa katika saa 48 zinazofuata. Ubongo wa mtu wa miaka 70 na zaidi umekwisha kusinyaa kwa umri, na baada ya kubanwa kwa wiki kadhaa haurudi mahali pake siku ileile, hivyo chini ya fuvu hubaki uwazi ambao lazima ujazwe na kitu, ama ubongo wenyewe unaotanuka, ama hewa iliyoingia wakati wa upasuaji, ama damu mpya. Mgonjwa anapolala chali kitanda kikiwa bapa, shinikizo katika vena za kichwa hupanda kidogo na ubongo husukumwa kwenda kuujaza uwazi huo. Anapoketishwa, shinikizo hushuka na uwazi hubaki wazi. Mwaka 2007 madaktari wa Tehran walichapisha matokeo ya wagonjwa 84, ambapo miongoni mwa waliolazwa bapa kwa siku tatu damu ilirudi kwa asilimia 2.3, ilhali miongoni mwa walioinuliwa kichwa kwa nyuzi 30 hadi 40 ilirudi kwa asilimia 19. Mwenye kutaka mgonjwa asimame kesho yake asubuhi anapaswa kwanza kuyajibu matokeo hayo.

MTAALAMU WA FIZIOTHERAPIA: Yanajibika, Daktari, kwa kuzigeuza asilimia hizo kuwa watu: ni mgonjwa mmoja upande wa waliolala na wanane upande wa walioinuliwa, tofauti ambayo katika kundi dogo namna hiyo wagonjwa wachache tu wangeweza kuibadilisha sura yake. Nchini Ureno, miaka ya karibuni, wagonjwa 208 waligawanywa kwa kura, yaani bila daktari wala mgonjwa kuchagua, nusu wakilazwa kitandani kwa saa 48 na nusu wakianza kuinuliwa ndani ya saa 12 za kwanza baada ya upasuaji. Waliopata angalau tatizo moja la kitabibu kabla ya kuruhusiwa, kama vile maambukizi, walikuwa karibu asilimia 35 kati ya waliolazwa na karibu asilimia 19 kati ya walioinuliwa, na wala damu haikuonekana kurudi zaidi kwa wale waliosimama mapema. Mzee anayelala chali siku mbili hapumui kwa kina, makohozi hukaa chini ya mapafu, damu huzubaa katika mishipa ya miguu, na misuli ya mapaja, ambayo kwa umri huo haina akiba, hupungua nguvu kwa kasi kuliko itakavyorudi. Kinacholindwa kichwani kwa kulala kinaweza kulipiwa kifuani na miguuni.

DAKTARI WA UPASUAJI: Utafiti huo wa Ureno ulipangwa ili kuhesabu matatizo ya kitabibu wodini, haukupangwa ili kuthibitisha kwamba damu hairudi, na watu 208 hawatoshi kuiondoa hofu ya tofauti ndogo iliyo ya kweli. Kutoonekana kwa madhara si uthibitisho wa kutokuwepo kwake.

MUUGUZI: Hoja zote mbili zinazungumzia mgonjwa aliye peke yake na kitanda chake, wakati mgonjwa halisi ana kamba zinazomfunga. Kichwani pana dreni, yaani mpira laini ulioachwa chini ya fuvu ili majimaji yaliyobaki, ambayo mara nyingi huwa na rangi ya oili chafu ya gari, yaendelee kushuka polepole kwenye mfuko. Mkononi pana mpira wa dripu. Na mara nyingi pana mpira wa mkojo ambao uliwekwa chumba cha upasuaji na hakuna aliyeandika lini utolewe. Mfuko wa dreni hutegemea kimo chake ukilinganishwa na kichwa cha mgonjwa: ukining'inizwa chini sana, hufyonza majimaji kwa kasi na unaweza kusababisha damu mbichi kuvuja, ukiinuliwa juu ya kichwa, yaliyomo hurudi yalikotoka pamoja na vijidudu. Kwa hiyo kila mara mgonjwa anapoketishwa, dreni lazima ibanwe kwanza kwa klempu, mfuko upangwe upya, klempu ifunguliwe, na yote yaandikwe. Katika wodi ambayo usiku ina wauguzi wawili na vitanda vilivyojaa hadi kwenye korido, amri ya kumwinua mgonjwa mara tatu kwa siku ni amri ya kubana na kufungua dreni mara sita, na atakayeifungua akasahau, au akabana akasahau, hatatajwa katika jedwali la utafiti wowote.

Lakini asidhani Daktari kwamba kulala bapa ni kazi rahisi zaidi kwa muuguzi. Mgonjwa aliyelala bapa hulishwa uji akiwa amelala, na baadhi ya uji huo huingia njia ya hewa; huhitaji kugeuzwa kila baada ya saa mbili asije akapata vidonda vya mgandamizo kwenye nyonga na visigino; na usiku, akiwa hajui yupo wapi, huanza kuweweseka na kuivuta dreni kwa mkono wake mwenyewe. Wapo wanaofungwa mikono kwa bandeji kwenye reli za kitanda ili dreni ibaki salama, jambo linalofanywa kwa nia njema lakini likazidisha kuweweseka kulekule kulikosababisha mikono ifungwe.

BINTI WA MGONJWA: Waheshimiwa wote watatu wamezungumza kana kwamba kazi hiyo ya kugeuza, kulisha, kuosha na kushika mfuko ni ya watumishi wa hospitali, ilhali katika wodi nyingi za Afrika Mashariki hufanywa na ndugu anayelala juu ya kitenge chini ya kitanda au nje ya geti akisubiri saa ya kuruhusiwa kuingia. Ndugu huyo hakuelezwa klempu ni nini, na huogopa hata kumgeuza baba yake shingo, kwa sababu jirani na mjomba wamekwisha kumwambia kwamba mtu aliyetobolewa kichwa hapaswi kutikiswa. Ikiwa Daktari ataandika kwamba mgonjwa alale bapa, familia itamlaza bapa siku mbili, kisha kwa woga huohuo itamlaza wiki tatu nyumbani. Ikiwa ataandika ainuliwe, familia itamwinua kwa kumvuta mikono. Kuna jambo jingine ambalo halijatajwa. Mzee huyu alikuwa akienda msikitini mwenyewe kwa miguu kabla miguu haijaanza kuwa mizito na maneno kupotea mdomoni, na kwa familia yake kupona maana yake ni kwamba siku moja atakwenda tena. Damu kurudi au kutorudi ni hesabu ya hospitali.

DAKTARI WA UPASUAJI: Hesabu hiyo ya hospitali, mama, ndiyo inayoamua kama mzee atakuwa hai wa kwenda popote. Damu ya aina hii hairudi kwa bahati mbaya tu. Mwili, katika jitihada za kuifunga ile ya kwanza, hujenga utando uliojaa mishipa michanga na dhaifu inayovuja kidogokidogo, na uvujaji huo huchochea uvimbe ambao nao huzaa mishipa mingine, hivyo ugonjwa hujilisha wenyewe hata baada ya pigo dogo la awali, pengine kugonga kichwa kwenye kizingiti mwezi mmoja uliopita, kusahaulika kabisa. Mwaka 2009 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Cambridge, Uingereza, wenye wagonjwa 215: walioachiwa dreni kwa siku mbili walirudishwa kufanyiwa upasuaji kwa asilimia 9.3, ambao hawakuachiwa kwa asilimia 24, na baada ya miezi sita waliofariki walikuwa asilimia 8.6 upande wa kwanza dhidi ya asilimia 18.1 upande wa pili. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu tofauti ilikuwa wazi mno. Pale damu ilipozuiwa kurudi, watu waliishi. Mwenye kusema kwamba damu kurudi ni jambo la pembeni anapingana na idadi ya makaburi.

MTAALAMU WA FIZIOTHERAPIA: Hakuna aliyesema ni jambo la pembeni, bali limesemwa kwamba si jambo lote, na uthibitisho wake umetoka Uingereza ileile. Desemba 2020, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi ambayo hutuliza uvimbe, na ambayo kwa maelezo ya Daktari mwenyewe kuhusu ule utando unaovuja ilipaswa kuwa tiba ya chanzo. Wagonjwa 748 katika vituo 23 waligawanywa kwa kura, wengi wao wakiwa wamefanyiwa upasuaji, na waliopewa dawa hiyo kwa wiki mbili walirudishwa chumba cha upasuaji kwa asilimia 1.7 tu, wakati waliopewa dawa bandia walirudishwa kwa asilimia 7.1. Kwa kipimo cha Daktari huo ni ushindi mkubwa. Lakini baada ya miezi sita walipohesabiwa wale ambao hali yao ilikuwa njema, yaani kwa uchache wanaweza kutembea bila kushikwa na mtu hata kama wanahitaji msaada katika mambo mengine, walikuwa asilimia 83.9 kwa waliopewa dawa na asilimia 90.3 kwa wasiopewa. Damu ilirudi mara chache zaidi, na hali za watu zikawa mbaya zaidi. Mpaka uliochaguliwa na watafiti hao, yaani kutembea pasipo kushikwa, unakaribiana mno na ile njia ya msikitini.

DAKTARI WA UPASUAJI: Deksamethasoni hupandisha sukari, hukaribisha maambukizi na huvuruga akili ya mzee, iliwaumiza wagonjwa kwa njia zake yenyewe. Kulala bapa saa 48 si sumu.

MTAALAMU WA FIZIOTHERAPIA: Kulala nako ni tiba, na kila tiba ina kipimo chake na madhara yake, tofauti ni kwamba dawa huandikwa kwa miligramu na huwa na tarehe ya kukoma, ilhali kitanda huandikwa kwa neno moja na hakuna anayeandika kikome saa ngapi.

MUUGUZI: Hilo ni kweli kuliko Daktari atakavyopenda kukubali. Katika mafaili mengi amri ya kulala huandikwa siku ya upasuaji, dreni hutolewa siku ya pili, na mgonjwa huendelea kulala siku ya tatu na ya nne kwa sababu aliyeandika amri yuko kwenye upasuaji mwingine na anayeingia zamu haoni mahali palipoandikwa kinyume chake. Mpira wa mkojo hubaki kwa sababu hiyohiyo, na homa ya siku ya tano mara nyingi huwa imeanzia hapo.

DAKTARI WA UPASUAJI: Basi iandikwe hivi, ili mjadala upige hatua: mgonjwa ambaye picha yake ya baada ya upasuaji inaonyesha hewa nyingi au uwazi mpana alale bapa hadi dreni itoke, mwingine aketishwe asubuhi inayofuata, dreni ikiwa imebanwa, na asimame akiwa ameshikwa pande zote mbili. Huo hauna budi kuitwa ulegezaji mkubwa.

BINTI WA MGONJWA: Picha hiyo, Daktari, ni ile inayolipiwa upya? Mgonjwa asiye na bima alikwisha kulipia picha ya kwanza iliyoonyesha damu, akalipia na upasuaji, na sasa ruhusa ya kuketi imefungwa kwenye picha ya pili.

DAKTARI WA UPASUAJI: Swali hilo limewahi kuulizwa kwa kura pia. Huko Bern, Uswisi, wagonjwa 361 walifuatiliwa, nusu wakipigwa picha za CT, yaani eksirei ya tabaka kwa tabaka, kwa ratiba baada ya upasuaji, na nusu wakipigwa tu endapo hali yao ingebadilika. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2019, hayakuonyesha faida ya picha za ratiba. Waliopigwa picha hata walifanyiwa upasuaji wa marudio mara nyingi zaidi, kwa sababu picha ikionyesha masalia ya damu mkono wa daktari huwasha. Kwa hiyo mgonjwa anayeamka vizuri, anayezungumza na kuinua mikono yote miwili, anaweza kuamuliwa kwa macho na mikono ya anayemkagua.

MUUGUZI: Ushauri wa Bern umejengwa juu ya jambo ambalo halikuandikwa kwa sababu Uswisi halihitaji kuandikwa, nalo ni kwamba mgonjwa ambaye hali yake inabadilika atafika kwenye mashine siku ileile. Serikali ya Tanzania imeweka mashine za CT katika hospitali nyingi za rufaa za mikoa miaka ya karibuni, na hilo ni badiliko kubwa, lakini madaktari wa upasuaji wa ubongo bado wamejikusanya katika miji michache. Mgonjwa wa Songea aliyefanyiwa upasuaji Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, ana zaidi ya kilomita 900 za barabara kati yake na mtu anayeweza kulifungua tena lile tundu, na damu inayorudi kwa kawaida hurudi katika wiki chache za mwanzo, wakati yeye amekwisha kupanda basi. Akiruhusiwa bila picha, maneno ya kurudi haraka hali ikibadilika yana maana moja kwa anayekaa Upanga, jirani na Muhimbili, na maana nyingine kabisa kwake.

MTAALAMU WA FIZIOTHERAPIA: Na kubadilika kwenyewe hakuji kwa kishindo. Huja kama uvivu, kama usingizi wa mchana uliorefuka, kandambili ya mguu mmoja inayovuka bila mvaaji kujua, kijiko kinachoanguka, mtu anayejibu swali la jana. Ndugu hulisoma hilo kama uzee au kama uchovu wa upasuaji, na mgonjwa anayelala kutwa kwa amri ya daktari hawezi kuonekana amelegea, kwa kuwa hakuna anachofanya ambacho kinaweza kulegea. Anayetembezwa kila asubuhi hujipima mwenyewe mbele ya familia yake bila gharama.

DAKTARI WA UPASUAJI: Hoja hiyo ina uzito, na haikuwahi kutolewa katika mtindo huo. Hata hivyo lipo fungu la wagonjwa ambao kwao kitanda na miguu ni suala dogo, nao ni wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda. Mtu mwenye vali bandia ya chuma moyoni, aliyewekewa kwa sababu ya ugonjwa wa moyo unaotokana na homa ya baridi yabisi, ambao katika kanda hii huwapata watu wangali vijana, hutumia warfarini maisha yake yote. Ikisimamishwa, damu iliyoganda kwenye vali inaweza kupanda ubongoni na kumpoozesha. Ikirudishwa mapema, ule utando unaovuja huvuja zaidi. Tarehe ya kuirudisha bado hupangwa kwa makubaliano ya daktari wa moyo na wa ubongo kwa kila mgonjwa, mara nyingi baada ya wiki moja au mbili kwa mwenye vali, na kwa kuchelewa zaidi kwa anayetumia aspirini kama kinga tu.

BINTI WA MGONJWA: Makubaliano hayo hufanyika wapi? Kadi ya kliniki ya moyo inasema dawa isikosekane hata siku moja, na cheti cha kuruhusiwa kutoka wodi ya ubongo kinasema dawa zote za kulainisha damu zisimamishwe, na vyote viwili vimo katika mfuko mmoja wa rambo mikononi mwa mtu ambaye hawezi kumpigia simu yeyote kati ya walioviandika.

MUUGUZI: Hutokea pia kwamba hakuna aliyeuliza, kwa kuwa aspirini ilinunuliwa duka la dawa kwa ajili ya magoti, na familia haiihesabu kuwa dawa.

DAKTARI WA UPASUAJI: Ipo njia nyingine inayokuja, ya kuziba kwa kutumia mpira mwembamba unaopitishwa ndani ya mishipa ule mshipa wa ateri unaoulisha utando unaovuja. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2024, wenye wagonjwa 400, ulionyesha upasuaji wa marudio ukishuka kutoka asilimia 11.3 hadi 4.1 pale uzibaji ulipoongezwa kwenye upasuaji.

MTAALAMU WA FIZIOTHERAPIA: Tena ni hesabu ya damu kurudi, na tena mashine iliyo katika hospitali zinazohesabika kwa vidole. Mtu wa kumsimamisha mgonjwa asubuhi anaweza kupatikana wilayani wiki hii.

DAKTARI WA UPASUAJI: Anaweza, na siku mgonjwa huyo atakapoteleza kwenye sakafu iliyopigwa deki, akagonga upande uleule wenye tundu, atakayeitwa kujieleza mbele ya familia na mbele ya uongozi si mtaalamu wa fiziotherapia. Woga wa Daktari kuhusu kumwinua mgonjwa mapema hauhusu vena na shinikizo peke yake. Mgonjwa anayefariki kwa nimonia siku ya kumi na mbili huandikwa kuwa amefariki kwa nimonia, na hakuna anayeuliza nani alimwamuru alale. Anayeanguka siku ya kwanza huulizwa nani alimwamuru asimame.

BINTI WA MGONJWA: Huko nyumbani ataanguka pia, Daktari, usiku, akienda choo kilicho nje ya nyumba bila taa, kwa miguu iliyolala wiki tatu, na hatakuwapo wa kuulizwa. Ikiwa lazima ajaribu kusimama kwa mara ya kwanza mahali fulani, familia ingependa iwe mbele ya mtu anayejua pa kumshika, na ingependa ionyeshwe pia.

MUUGUZI: Basi amri iandikwe na saa yake, na jina la wa kumshika, na jina la wa kubana dreni, kabla zamu ya usiku haijaingia, bila majina hayo mgonjwa atalala, hata kama kila aliyezungumza hapa amekubali asimame.

DAKTARI WA UPASUAJI: Saa itaandikwa. Jina la wa kumshika saa nane za usiku, katika wodi yenye wauguzi wawili, Dada Muuguzi anajua kwamba halipo.